FAILI LIMEGOMA KUFUNGUKA? USIKIMBILIE KUFLASHI SIMU, MURA!

Wiki hii naomba mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, kwani kuna jambo limenikuta na nikilinyamazia nitakuwa sijawatendea haki wasomaji wangu. Ni haya mafaili ya kwenye intaneti. Unalipakua, simu inakwambia tayari, unaligusa lifunguke... wapi bwana! Kioo cheupe kama shati la mwalimu mkuu.

Kisa chenyewe kilianza Jumanne moja usiku. Nilikuwa nimejilaza zangu hapa Dar, feni inazunguka, mara simu ikalia. Kuicheki namba, kumbe mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeko nyumbani Ringwani, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kijana huyu alifaulu kidato cha nne na akachaguliwa kuingia kidato cha tano kwenye shule moja ya bweni huko Nyanda za Juu Kusini. Ukoo mzima tulikuwa tunatembea vifua mbele.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mura, mbona usiku hivi? Kwema?"

"Kwema mjomba, ila ile fomu ya kujiunga na shule imegoma kufunguka. Leo siku ya nne."

Nikacheka. Nikaona hayo ni mambo ya watoto, faili tu! Lakini mwenzangu hakucheka, na jinsi alivyokaa kimya nikajua kuna kasheshe.

Ndugu msomaji, kama hujapata kupeleka mtoto bweni nikueleze. Ndani ya fomu ile ndimo ilimo tarehe ya kuripoti, rangi ya sare, idadi ya mashuka, michango na namba ya akaunti ya kulipia, pamoja na karatasi ya afya inayotakiwa kujazwa na daktari. Bila kuifungua ni sawa na kusafiri usiku bila taa. Dada yangu ni mjane. Alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, maana hakujua inahitajika shilingi ngapi wala lini, akaona bora fedha ikae mkononi.

Kijana naye alishapanda bodaboda mara mbili kwenda Mugumu, ndiyo makao makuu ya wilaya, kutafuta steshenari. Ya kwanza wakamwambia faili limeharibika. Ya pili wakamwambia lina virusi, na hela ya kutumia kompyuta wakachukua. Wakati anarudi akakutana na fundi mmoja wa simu, naye akatoa hukumu: "Simu hii dawa yake ni kuiflashi tu. Niletee kesho asubuhi."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Simu ile ilikuwa ya marehemu shemeji yangu. Alipokuwa amelazwa alijirekodi humo maneno ya kumwasa mwanawe, dakika kama tatu hivi, na hayakuwahi kuhamishwa mahali pengine popote. Ukiiflashi, sauti ya baba imekwenda na maji.

"Mura," nikamwambia, "kesho usiende kwa fundi. Tukae wote hapa kwenye simu mpaka kieleweke."

Sasa msomaji wangu, niliyomwuliza mpwa wangu usiku ule ndiyo nataka nikupe na wewe, kwa sababu najua hata wewe wa Sinza, Kariakoo au Nyamagana yanakukuta. Siku hizi kila kitu ni faili. Ukiomba mkopo Bodi ya Mikopo, unajaza mtandaoni, unachapisha fomu, inasainiwa, unairudisha mtandaoni. Ukitafuta kazi serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ni mafaili. Mwongozo wa TCU wa kuchagua vyuo nao ni faili. Usipojua kulifungua, wenzako wanakwenda na wewe unabaki kulaumu mtandao.

Kwanza kabisa tujue tunachopambana nacho. Mafaili mengi ya namna hii huitwa PDF. Kampuni ya Adobe ya Marekani iliyatoa mwaka 1993, na lengo lake lilikuwa jema tu: karatasi ionekane vilevile kwenye kila kompyuta, iwe Tarime au Tokyo. Mwaka 2008 PDF ikafanywa kiwango cha kimataifa, ndiyo maana leo kila ofisi inaipenda. Zamani, ili brauza iweze kuifungua ilibidi uwe umepachika kiprogramu cha pembeni. Siku hizi hakuna tena. Chrome ya kwenye kompyuta inafungua PDF yenyewe tangu 2010, Firefox tangu 2013, na vile viprogramu vya pembeni vikaja kufungiwa kabisa, Chrome mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akikwambia "pachika plagini", mwambie asante, hiyo ni habari ya zamani.

Kwenye simu mambo ni tofauti kidogo. Simu nyingi za Android, hasa za zamani, Chrome yake hulipakua faili halafu hulikabidhi kwa programu nyingine ilifungue. Kama hiyo programu nyingine haipo, faili linabaki limekodoa macho. Hapo huna haja ya fundi. Weka Adobe Reader au Google Drive, zote za bure, mchezo umekwisha.

Basi swali langu la kwanza kwa kijana lilikuwa hili: "Hilo faili lina ukubwa gani?"

Akabonyeza kwa muda mrefu, akaenda kwenye maelezo, akanisomea: "KB 96, mjomba."

"Na la rafiki yako aliyechaguliwa nawe shule hiyohiyo?"

Akamwuliza huyo mwenzake kwa meseji. Jibu likaja: MB moja na ushee. Hapo nikajua mchawi yuko wapi! Faili la mpwa wangu lilikuwa nusu. Lilikatika njiani, pengine bando liliisha au mtandao ulikwenda kunywa maji.

Na hapa kuna siri ambayo watu wengi hawaijui. PDF haifanani na kitabu cha kawaida ambacho yaliyomo hukaa mbele. Orodha inayosema ukurasa wa kwanza uko wapi na wa pili uko wapi hukaa mwishoni kabisa mwa faili. Kwa hiyo mkia ukikatika, hata kama kurasa nyingi zimeshafika, brauza inakosa ramani na kukuonyesha kioo cheupe au kukwambia faili ni bovu. Siyo virusi hiyo! Ni sawa na kupewa mtungi usio na kitako, utajaza maji mpaka kesho.

Ukiwa kwenye kompyuta dalili ni rahisi zaidi. Kwenye folda la Downloads ukiona jina la faili limemalizikia na neno crdownload, Chrome haijamaliza kulipakua. Ukiona part, ni Firefox ambayo haijamaliza. Usihangaike kulibadili jina, lipakue upya.

Swali langu la pili: "Ulilipakulia wapi?"

"Kwenye grupu la WhatsApp walituma linki, nikaigusa, ikafungukia humohumo."

Jamani, hili nalo ni kosa la wengi. Kuna programu, hasa Facebook na Instagram, ambazo ukigusa linki zinakufungulia kidirisha chao cha ndani. Kidirisha hicho ni cha kutazamia habari za umbea tu, kazi ya kupakua mafaili mara nyingi kinaiboronga. Nakili ile anwani, ifungue kwenye Chrome au Firefox yenyewe, halafu pakua. Na angalia anwani inaishaje. Ya serikali ya Tanzania huishia go.tz, ya vyuo ac.tz. Fomu ya shule ina namba ya akaunti, mzee! Tapeli anaweza kuibadilisha namba tu, mengine yote akayaacha, ukamlipia ada yeye.

Tatu, hakikisha ulichopakua ni faili kweli. Hili huwapata wale wa kuotea waifai ya hoteli na ofisi. Unagusa PDF, lakini waifai ile inataka kwanza uingize namba ya siri, kwa hiyo inakuletea ukurasa wake wa kuingilia, nao unahifadhiwa kwa jina la fomu yako. Hali ni hiyohiyo kama umekaa muda mrefu kwenye akaunti mpaka ikakutoa. Namna ya kulijua: kwenye kompyuta lifungue hilo faili kwa Notepad. PDF halisi huanza na herufi %PDF hapo juu kabisa. Ukikuta limeanza na alama kama < na neno html, ujue umebeba bahasha isiyo na barua. Ingia upya kwenye akaunti yako, pakua tena.

Nne, jaribu programu nyingine. Ukifungua kwa Chrome limegoma lakini Adobe Reader linafunguka, basi faili halina kosa, kosa ni la brauza. Iapdeti. Safisha kumbukumbu zake za muda, au jaribu kwenye dirisha la siri. Likigoma kote, kosa ni la faili. Kipimo hiki kidogo kingemwokolea mpwa wangu nauli ya bodaboda zote mbili.

Wenye steshenari na nyinyi mnisikilize, maana kompyuta zenu wengine ni za enzi za mwalimu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Chrome nayo ikaacha kutoa matoleo mapya ya Windows hiyo mwaka 2023. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Mteja anakuja na fomu mpya, wewe unaifungua kwa brauza iliyozeeka, ikigoma unamwambia ana virusi! Huo ni uonevu.

Tano, kuna wakati brauza haikosi faili, ila imepangiwa isilifungue. Kwenye Chrome ya kompyuta, upande wa mipangilio ya tovuti, kuna sehemu ya PDF yenye chaguo mbili, kufungua humohumo au kupakua tu. Mtu akigusa la pili bila kujua, kila PDF inateremka kimyakimya kwenye folda na yeye anakaa anasubiri ifunguke. Kaitafute kwenye Downloads, iko huko imetulia.

Sita, kuna fomu ambazo ukizifungua kwenye brauza zinakuletea ukurasa mmoja wa Kiingereza unaokuambia usubiri. Utasubiri mpaka uote mvi! Fomu hizo, mfano baadhi ya zile za uhamiaji za Canada, zimetengenezwa kwa namna inayotaka Adobe Reader ya kwenye kompyuta. Zipakue, zihifadhi, kisha zifungue huko. Wanaosaka viza mmenisikia.

Saba, siyo kila faili ni PDF. Likiishia na docx ni la Word, likiishia na xlsx ni la mahesabu ya Excel, na zip ni furushi linalotakiwa kufunguliwa kwanza ndipo utoe vilivyomo. Brauza peke yake haitakufungulia furushi. Na kama linakudai neno la siri, kama taarifa nyingi za benki zinavyofanya, hakuna ubovu hapo, soma barua pepe iliyolileta, maelekezo yamo humo.

Nane, na hili washikaji mlitie akilini. Ukitumiwa kitu kinaitwa matokeo lakini mwisho wake ni apk, hiyo siyo karatasi, ni programu inayotaka kuingia ndani ya simu yako, ambamo mna namba za watu na fedha zako. Kwenye Windows kuna ujanja mwingine, faili linaitwa fomu.pdf.exe, na kwa vile Windows kwa kawaida huficha zile herufi za mwisho, wewe unaona pdf tu. NECTA matokeo inayaweka kwenye tovuti yake, huhitaji kupachika programu yoyote kuyaona. Futa, songa mbele.

Haya, turudi Ringwani. Nikamwambia kijana, "Pakua upya, kwa Chrome, sasa hivi usiku mtandao umetulia. Bando nakurushia."

Nikamrushia. Baada ya dakika chache akapiga: "Mjomba, limemaliza. Naligusa... bado jeupe!"

Ebwana hapo na mimi nikaanza kutokwa na jasho, feni na ubora wake wote. Nikawaza labda kweli simu ina matatizo. Nikamwambia anisomee ukubwa tena. Akasema, "KB 96."

Ilikuwaje liwe KB 96 tena, ileile kamili bila kupungua wala kuzidi? Nikamwuliza, "Mura, humo kwenye folda mafaili ya hiyo fomu yako mangapi?"

Kimya. Namsikia anahesabu. "Sita, mjomba."

"Majina?"

"Yanafanana. Ila mengine yana mabano na namba. Moja, mbili, tatu, mpaka tano."

Nikapiga kofi kwenye paja langu mwenyewe! Simu ukiipa faili lenye jina ambalo tayari lipo, hailifuti la zamani. Inalipa jipya namba kwenye mabano. Kijana siku zote nne alikuwa anapakua upya, kisha anarudi kugusa lile la juu lisilo na namba, ambalo ndilo la kwanza, ndilo lililokatika. Na kule Mugumu mara zote mbili alihamisha hilohilo bovu kwenye kompyuta za watu.

"Gusa lenye namba tano."

Sikusikia neno. Nikasikia tu anaita, "Mama! Mama, njoo!" na miguu ya dada yangu inaburuta malapa. Fomu ilifunguka, kurasa zote, muhuri na sahihi ya mkuu wa shule. Baadaye akanisomea ukubwa wa yale mengine. Lenye namba mbili nalo lilikuwa zima. Yaani alikuwa nalo mfukoni tangu Jumapili.

Tarehe ya kuripoti ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Kutoka Mara mpaka kule ni safari ya siku mbili, na karatasi ya daktari ilikuwa bado haijajazwa. Kumbe tulibakiwa na siku chache tu za kujiandaa! Alfajiri dada akampeleka hospitali, jioni wakanunua mashuka na ndoo, kesho yake sweta mbili kwa sababu fomu ilisema wazi kule kuna baridi. Ijumaa akapanda gari. Jumatatu aliripoti.

Wale mbuzi wawili hawakurudi. Michango iliyotakiwa ilikuwa midogo kuliko alivyodhani dada yangu, mmoja angetosha, na kwa bei nzuri. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kijana alitaka kunipigia tangu siku ya kwanza, akaona aibu. Alidhani nitamwona mshamba. Na mimi simu yake nilipoipokea, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka! Tuacheni tabia hiyo, sisi tuliotangulia mjini. Mtu akikuuliza jambo dogo, huenda nyuma yake kuna mbuzi wawili.

Kabla sijaaga, mambo matatu ya haraka. Moja, ukifungulia vyeti vyako kwenye kompyuta ya steshenari, ukimaliza vifute kwenye Downloads na kwenye kapu la taka, na utoke kwenye barua pepe yako. Mbili, kama bando ni tatizo, mwombe mwenye faili zima akurushie kwa Bluetooth, haili MB hata moja. Kwa WhatsApp alitume kama dokumenti, asipige picha ya kioo. Tatu, simu ikijaa nayo haipakui vizuri, kwa hiyo zile video za grupu zifute, utacheka nyingine kesho.

Na ile sauti ya shemeji? Usiku uleule, kabla hatujakata simu, nilimwambia kijana anitumie nami niihifadhi, simu moja haitoshi kutunza kitu kama kile. Ikafika. Nikaipima ukubwa, nikaona imekuja nzima. Sijaisikiliza. Hiyo ni yake.

Kwa leo nakomea hapa. Wewe una faili gani limekugomea? Niandikie kupitia anwani ya gazeti, tulijadili. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.